Kitambulisho Hakimlei Mtoto

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Waama, wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini hebu nikuulize, msomaji mpendwa: huyo mtoto alelewe mpaka lini? Mpaka aote ndevu? Mpaka amalize shule? Au mpaka siku ile chifu atakapoigonga mhuri fomu yake ya kitambulisho? Swali hili laonekana jepesi kama unyoya wa kuku, ila ukilitia mizani utaona lina uzito wa jiwe la kusagia.

Jibu la serikali tunalijua sote. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 260, inasema mtoto ni mtu ambaye hajafikisha umri wa miaka 18. Basi. Kijana analala Jumapili usiku akiwa mtoto, anaamka Jumatatu akiwa mtu mzima. Aweza kupiga kura, kuoa au kuolewa, kufungua akaunti ya benki, kuuza shamba, na akikosea aweza kufungwa katika jela ya watu wazima. Hayo yote kwa usiku mmoja, na huenda hata sauti yake haijamaliza kuvunjika.

Sina ugomvi na sheria hiyo. Lazima nchi iwe na mstari wake, la sivyo kila mzee angejichorea wa kwake na mabinti wa miaka 13 wangeozwa kwa madai kwamba wamekomaa. Ugomvi wangu ni na sisi tunaouchukua mstari huo na kuufanya wembe wa kukatia kamba. "Si ana kitambulisho? Mwache ajitafutie!" Maneno hayo utayasikia stejini, sokoni na hata katika mikutano ya wazazi. Kwa mtoto mwenye afya njema, aliyefaulu mtihani na ambaye wazazi wake wako hai, huenda maneno hayo yasimdhuru sana. Lakini kwa mtoto anayetatizika ni sawa na kumsukuma asiyejua kuogelea kwenye kina cha maji, kisha ukasimama ufuoni ukimwambia, "Piga mbizi, wewe ni mwanamume!"

Nani huyo ninayemwita mtoto anayetatizika? Ni msichana mwenye kifafa ambaye asipokumbushwa dawa zake ataanguka jikoni. Ni kijana ambaye akili yake huelewa mambo polepole, na ambaye ukimwachia noti ya shilingi 1,000 hajui chenji itakuwa ngapi. Ni yule aliyekuwa akiongoza darasa mpaka Kidato cha Pili, halafu akaanza kusikia sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii. Ni yatima ambaye hajawahi kuwa na mtu wa kumuuliza, "Leo umekula?" Ni yule aliyenaswa na bangi au muguka, akitaka kutoka na hajui mlango uko wapi. Jamani, hao si watu wa hadithini. Wako mabwenini mwetu, wako mitaani kwetu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba takriban nusu ya maradhi ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14, na mengi hayatambuliwi wala kutibiwa. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kulibeba tatizo lake miaka minne mizima, akafika 18 nalo begani, na hakuna aliyemuuliza amebeba nini.

Kinachozidisha shida hii ni kwamba kwa wengi wetu mambo mawili huja kwa mpigo mmoja. Mwaka unaotimiza miaka 18 ndio mwaka unaofanya KCSE, au unaukaribia sana. Shule, hata tukiilalamikia kuhusu maharage na maji baridi, ni mlezi. Inakuamsha, inakulisha, inakuuliza kwa nini hukuja darasani, na ukiugua kuna mtu wa kukupeleka zahanati. Kengele ya mtihani wa mwisho ikilia, kengele zote nyingine nazo zinanyamaza. Kwa mtoto aliyekuwa akijikongoja, siku hiyo anapoteza shule na utoto kwa pamoja, kisha tunashangaa baada ya miezi sita tukisikia amepotelea mjini.

Sasa tuseme kuna kijana mmoja, na nasema tuseme kwa sababu simtaji mtu. Baba yake alifariki na kuacha ekari mbili. Tangu kijana ana miaka 12, mama yake amekuwa akienda naye kliniki ya afya ya akili kila mwezi. Ni mama anayejua ni dawa gani inamfanya alale mno na ni ipi inamtetemesha mikono. Kijana anatimiza miaka 18. Mwezi unaofuata daktari anamgeukia yeye, wala si mama, kwani sasa yeye ndiye mwenye kuamua. Kijana anasema, "Mimi niko sawa, sitaki dawa." Mama anabaki kusugua viganja.

Haijapita mvua moja, baba mdogo anatokea na mnunuzi. Kijana ananunuliwa simu, viatu na nyama choma. Anaonyeshwa karatasi. "Tia sahihi hapa, wewe si mtoto tena." Anatia. Mama anakimbia kwa chifu akilia, naye chifu anakuna kichwa: "Mama, nitafanyaje? Ametia sahihi mwenyewe, tena ni mtu mzima." Ekari mbili zimekwenda na maji kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa. Labda mama atapata wakili, labda mahakama itausikiliza ushahidi wa daktari na kuufuta mkataba. Lakini kesi ni kesi, na umaskini hauna nauli ya kwenda kortini kila mwezi. Ajizi, walisema wahenga, ni nyumba ya njaa.

Je, wazee wetu walifanyaje? Hebu turudi nyuma kidogo. Miongoni mwa Wamaasai, rika jipya la vijana haliachwi lijiongoze kama ng'ombe wasio na mchungaji. Hupewa wazee walezi, wanaoitwa olpiron, kutoka rika lililolitangulia kwa marika mawili. Nao huwashauri, huwakanya na huwasimamia vijana hao mpaka wao wenyewe wawe wazee. Miongoni mwa Wakikuyu, aliyekuwa akitahiriwa alikuwa na mutiri wake, mtu wa kumshikilia siku ya kisu na kumwelekeza baadaye. Huku Pwani mwari alikuwa na kungwi wake, ambaye pia huitwa somo, na usomo huo haukuisha ngoma ilipokwisha. Binti aliyeolewa akipatwa na jambo alijua mlango wa kubisha.

Unaona, msomaji? Katika desturi zote hizo, siku ya kuvuka kuingia utu uzima ndiyo iliyokuwa siku ya kukabidhiwa mtu. Sisi tumeigeuza ikawa siku ya kunyang'anywa mtu. Tumebakiza sherehe, keki na picha za kuweka kwenye simu, tukamtupa mutiri.

Sisemi kwamba mambo ya kale yote yalikuwa asali. La hasha! Wako waliofichwa vyumbani kwa sababu ya ulemavu, wakaitwa laana, na wasichana wakakeketwa kwa jina la kukomaa, jambo ambalo sheria ya 2011 imelipiga marufuku kabisa. Hayo yakae huko huko. Ninachookota ni punje moja tu: mtu mzima mpya anahitaji mtu mzima wa zamani kando yake.

Hata dini zimeliona hilo. Wenzetu Waislamu wanajua kwamba katika Kurani, Sura ya Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wanaagizwa wawajaribu mayatima hao wanapofikia umri wa kuoa, na wakiona wana busara ya kutosha ndipo wawakabidhi mali yao, tena mbele ya mashahidi. Angalia hapo: umri peke yake hautoshi, na busara inapimwa. Na mlezi naye hana ruhusa ya kuila mali ile haraka haraka kabla mwenyewe hajakua. Huo ni ukaguzi wa hesabu kabla ya wakaguzi wa hesabu kuzaliwa.

Sasa nafika penye kiini cha makala yangu, na hapa naomba uchukue kalamu. Wengi hudhani sheria ya Kenya inamtupa mtoto mikono mitupu akifika 18. Si kweli! Sheria yenyewe imeacha mlango wazi. Ni sisi tusiobisha.

Sheria ya Watoto ya 2001, na baada yake Sheria ya Watoto ya 2022 iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, zote zimetambua kwamba wako watoto ambao hawatakuwa tayari. Kwa kawaida kazi ya mlezi aliyeteuliwa hukoma mtoto anapotimiza miaka 18. Lakini iwapo mtoto ana ulemavu wa mwili au wa akili, au ugonjwa utakaomfanya ashindwe kujikimu au kusimamia mambo yake na mali yake bila msaada, mahakama inaweza kuurefusha ulezi huo upite miaka 18. Ombi laweza kupelekwa na mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au jamaa. Vilevile mahakama inaweza kurefusha jukumu la mzazi, na inaweza kuagiza mzazi aendelee kugharimia matunzo pale ambapo kijana bado anasoma au ana ulemavu unaohitaji utunzaji maalumu. Kwa hiyo baba anayesema, "Umefika 18, karo si yangu tena," asidhani ana sheria mfukoni.

Lakini kuna sharti moja, nalo ndilo linalonifanya niandike: agizo la kurefusha ulezi linatakiwa litolewe kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Kabla! Si siku ya keki, si wiki baada ya keki. Ukifika mahakamani kijana akiwa na miaka 18 na siku mbili, utakuta mlango huo umefungwa, na itakubidi uzungukie mlango mwingine, ule wa sheria ya afya ya akili, ambapo utahitaji kuonyesha mahakamani kwamba mtu mzima huyu hawezi kusimamia mambo yake. Njia hiyo ipo, ila ni ndefu, ina gharama, na inamvua kijana heshima mbele ya watu. Je, ni wazazi wangapi vijijini kwetu wanaojua jambo hili? Sijapata kulisikia barazani hata siku moja. Tunaambiwa kuhusu chanjo ya mbuzi, mbolea na usajili wa kura, mambo mazuri yote, lakini hili halitajwi.

Kwa wale ambao wazazi wangali hai, kuna jambo jingine jepesi zaidi. Mzazi anaweza kumteua mlezi wa mwanawe kwa wosia, au kwa hati aliyoiandika tarehe na kuitia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Karatasi moja na mashahidi wawili! Lakini sisi tunaogopa wosia kama kwamba kuuandika ni kukiita kifo. Matokeo yake baba anaondoka ghafla, na matanga hayajaanuliwa jamaa wanagombania mtoto kama mpira, si kwa sababu wanampenda bali kwa sababu ya shamba. Sheria ya urithi nayo inajua tabia zetu, ndiyo maana pale penye mrithi ambaye ni mtoto mdogo haikubali msimamizi mmoja peke yake. Yataka wasiopungua wawili, ili mmoja amwangalie mwenzake.

Najua wako watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema, "Mkiendelea kuwashika mkono mtawadekeza. Sisi tulijitegemea na miaka 16, tukachunga ng'ombe, tukalima." Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini wewe ulijitegemea ukiwa umezungukwa na boma zima: nyanya yuko pale, mjomba yuko pale, na ukikosa chakula kwenu unakula kwa jirani bila kuulizwa. Huko kuliitwa kujitegemea, lakini kulikuwa na nguzo nyingi zisizoonekana. Kijana wa leo anapanga chumba cha mabati mtaani ambako hata jirani hamjui jina. Isitoshe, sisemi kila kijana wa miaka 18 abebwe. Asiye na jeraha hafungwi bendeji. Nasema aliyevunjika mguu asiambiwe akimbie kwa sababu kalenda imefika.

Wa pili atasema, na huyu ananitia wasiwasi zaidi, "Ukimpa mlezi mamlaka juu ya mtu mzima, je, akiwa fisi? Si utakuwa umemkabidhi bucha?" Kweli kabisa. Ulezi unaweza kuwa ukoloni wa nyumbani. Wako walezi wanaoishikilia kadi ya benki ya mlemavu na kumlisha uji mtupu. Wako wanaomzuia msichana kiziwi asiolewe, ilhali ukiziwi si upungufu wa akili. Kwa ajili hiyo nauita ulezi mwema mkongojo, wala si hatamu. Mkongojo unamsaidia mwenye mguu kwenda anakotaka yeye. Hatamu inampeleka punda anakotaka mpandaji.

Sheria iko upande wa mkongojo. Ulezi haurefushwi bila ridhaa ya mlezi, na ya kijana mwenyewe ikiwa ana uwezo wa kuitoa. Fauka ya hayo, mwaka 2008 Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao katika kifungu cha 12 unasema watu hao wana uwezo wa kisheria sawa na wengine na wapewe msaada wa kuutumia. Yaani kwanza msaidie aamue, usikimbilie kumwamulia. Kijana anayeelewa polepole anaweza kabisa kuchagua ale nini, akae na nani, ajifunze kazi gani. Huenda asiweze kuuza shamba bila kutapeliwa. Basi asaidiwe penye shamba, aachwe penye chakula. Ni vibaya kumnyima yote kwa sababu ya moja, kama ilivyo vibaya kumwachia yote kwa sababu ya kitambulisho.

Kuna kundi jingine ambalo hata mama wa kusugua viganja hawana: watoto wanaolelewa katika makao ya watoto. Huyo akifika 18 hukusanya nguo zake akaaga. Anakwenda wapi? Kwao hakujui. Lugha ya kwao haijui. Hajawahi kupika ugali wa mtu mmoja kwa kuwa siku zote amekula wa sufuria kubwa, wala hajawahi kulipa kodi ya nyumba. Mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi ya watoto, wa 2022 hadi 2032, unaokusudia kuwarudisha watoto kutoka makao hayo hadi kwa familia na jamii. Nia hiyo naipongeza kwa mikono miwili. Ila naomba isiwe kazi ya kuhesabu watoto waliotoka langoni tu. Mtoto arudishwe kwa mtu, si mahali. Shangazi anayempokea asaidiwe, na kijana atembelewe hata baada ya miaka 18, kwani mbegu haihamishwi leo ikaachwa kumwagiliwa kesho.

Na kwa kuwa nimetaja serikali, niseme jambo la mfukoni. Katika mpango wa Inua Jamii, jamaa zinazolea mayatima hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa nazo hupata kiasi hicho hicho. Lakini fungu la mayatima ni la watoto, na mtoto akitimiza miaka 18 hahesabiwi tena. Njaa haina kitambulisho, jamani! Maoni yangu ni kwamba fungu hilo lisikatwe siku ya kuzaliwa. Lipunguzwe polepole kwa muda wa miaka miwili au mitatu, huku kijana akiwekwa katika chuo cha ufundi. Vyuo hivyo vya kaunti viko, na vingine madawati yake hayajajaa.

Tufanyeje basi? Sitaki kuwa kama yule aliyelia moto, moto, bila kuleta ndoo.

Kwanza, tuanze mapema. Mtoto anayetatizika akifika miaka 15, familia iketi. Ikae mama, baba, shangazi, mjomba na mtoto mwenyewe, tena asitumwe kuleta chai mazungumzo yakianza! Waulizane maswali matatu: ni mambo gani anayaweza peke yake? Ni yapi anayaweza akisaidiwa? Ni yapi hayawezi kabisa? Majibu yaandikwe kwenye daftari, na kila mwaka yaangaliwe upya, maana mtoto hakai pale pale. Iwapo orodha ya tatu ina mambo mazito kama mali na matibabu, familia iende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo angalau mwaka mmoja kabla ya siku ile ya 18, ielezwe njia ya mahakamani. Asiyejua ofisi iliko anaweza kupiga simu ya bure ya watoto, nambari 116.

Pili, mtoto apimwe na aandikishwe. Vituo vya kutathmini wanafunzi wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kama EARC, vimekuwapo nchini tangu 1984. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo huwasajili watu na kuwapa kadi. Wazazi wengi wanaona haya kwenda huko, ati jina la mtoto litaharibika. Jina haliharibiki; linalomharibu mtoto ni kufika utu uzima bila karatasi hata moja inayoeleza anahitaji nini. Kumbuka yule mama kwa chifu: angekuwa na ripoti ya daktari na ya kituo mkononi, chifu asingekuna kichwa.

Tatu, shule zetu zirudishe mutiri. Nayasema haya kwa walimu wetu kwa adabu zote. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye idara ya ushauri nasaha inajua anatatizika apewe mtu mzima mmoja wa kumfuata mwaka mzima baada ya kutoka: mwalimu, mzazi wa mwenzake, au mwanafunzi wa zamani aliyepata kazi karibu na kwao. Kazi yake si kutoa pesa. Ni kupiga simu Jumamosi na kuuliza, "Habari za wiki? Dawa unameza? Ile fomu ya chuo uliipeleka?" Simu kama hiyo haimalizi hata dakika tano. Lakini kwa kijana aliyezoea kutoulizwa, huo ni uzi wa kumrudisha njia.

Na kwetu sisi vijana wenyewe, nina neno. Tumezoea kuhesabu siku za kufika 18 kama mfungwa anayehesabu siku za kutoka. Tunataka uhuru, nami nautaka, maana mwaka huu kitambulisho changu pia kinakuja. Lakini uhuru wa kutomhitaji mtu yeyote haupo hapa duniani. Rais ana washauri, tajiri ana wakili, timu ya taifa ina kocha, na wachezaji wote hao ni watu wazima wenye ndevu! Kwa nini basi mwenzetu mwenye kifafa aonewe aibu kwa kuwa dada yake humkumbusha dawa? Tukimwona mwenzetu amesindikizwa na mama yake kliniki au benki, tusimcheke tukamwita mtoto wa mama. Kicheko chetu ndicho humfanya aseme, "Niko sawa, sitaki dawa."

Likizo hii ukifika nyumbani, fanya jambo moja. Kama una ndugu, binamu au jirani anayetatizika na ambaye hajafika miaka 18, uliza kwa upole amebakiza miezi mingapi, na kama kuna mtu aliyefikiria nani atasimama naye baada ya hapo. Usiseme kama hakimu. Uliza kama mtoto wa nyumbani. Ukijibiwa, "Mungu atajua," sema amina, halafu waeleze kuhusu afisa wa watoto na kuhusu ule mlango unaofungwa siku ya kuzaliwa. Kitambulisho kitakuja, na ni kizuri kuwa nacho. Kitaonyesha jina, tarehe ya kuzaliwa na picha. Kumshika mtu mkono ni kazi yetu.

Mwenye masikio na asikie.